Mutoto anataka kuwa piloti: tuhesabu pamoja



Mwezi huu barua tatu zimefika, na zote zinauliza jambo moja. Ya kwanza ni ya kijana wa mwaka wa tano wa sekondari, anasoma hesabu na fizika. Ya pili ni ya msichana. Ya tatu imeandikwa na mama mmoja wa hapa hapa Kamina, na maneno yake ni mafupi: "Pasta, mutoto yangu anasema atakuwa piloti wa ndeke. Baba yake anataka tuuzishe parsele. Tufanye je?" Nimeshika barua ya mama kwanza, kwa sababu parsele ikisha kuuzwa hairudi.

Kabla ya kumujibu, niombe kitu kimoja: mtu asimucheke huyu kijana. Wengine wanasema, "Mutoto wa Kamina na ndeke, wapi na wapi?" Wanasahau mji wao. Nje ya mji kuna Base. Wabelgiji walianza kuijenga kisha vita vya pili vya dunia, na toka mwaka 1953 mpaka 1960 jeshi lao la anga lilikuwa na shule kubwa ya kufundisha marubani pale. Waliacha mawingu na mvua ya kwao, wakaja kutafuta mbingu yetu ya kiangazi. Ndege za kujifunzia ziliitwa Harvard, za injini moja, mwalimu na mwanafunzi wanakaa mmoja nyuma ya mwingine. Wanafunzi walikuwa vijana wa Ubelgiji. Wazee wetu walipata kazi ya mikono. Basi, kama leo mtoto wa mji huu anainua macho na kusema "mimi pia", hasemi neno la ajabu. Watu wamejifunza kuruka juu ya paa la nyumba ya babu yake.

Na kazi yenyewe inahitajika. Ninyi mnaokaa Malemba-Nkulu, Kabongo, Bukama, mnajua barabara zetu wakati wa mvua. Mgonjwa anayebebwa kwa kinga siku tatu, ndege ndogo inamufikisha ndani ya saa moja ao mbili. Gaston Ntambo, Mkongomani, ni rubani wa huduma ya ndege ya Kanisa la Methodisti la Muungano hapa Katanga ya Kaskazini, ile inayoitwa Wings of the Morning. Yeye amebeba wagonjwa wengi toka vijijini mpaka hospitali. Kwa hiyo siwezi kusema kwamba ni ndoto ya bure. Hapana. Ninasema tu: mchukue karatasi na biki, tuhesabu.

Hapa Kamina, mahali njia ya reli inagawanyika, moja kwenda Ilebo na ingine kwenda Kalemie, kila mtu anajua kwamba mashinisti hakutoka shuleni na kupewa lokomotivu siku ile ile. Alianza kama musaidizi. Urubani uko vile vile, lakini na tofauti moja: ku reli, kompani ilikuwa inamulipa kijana wakati anajifunza. Ku ndege, mara nyingi ni kijana ndiye anayelipa.

Sheria za dunia nzima zinapangwa na shirika la Umoja wa Mataifa la usafiri wa anga, ICAO. Zinasema hivi. Kwa kuwa rubani wa kazi, anayelipwa mshahara, mtu anapashwa kuwa na miaka 18 na saa 200 za kuruka, ao saa 150 kama amesoma mfululizo katika shule iliyokubaliwa na serikali. Kila saa inaandikwa katika kitabu chake. Saa moja ya ndege ndogo ya kujifunzia, pamoja na mafuta na mwalimu, inapita dola mia moja, na mahali pengi inapita sana. Zidisheni wenyewe. Kisha muongeze kibali cha kuruka ndani ya mawingu kwa kufuata vyombo, kibali cha ndege ya injini mbili, mitihani, chumba, chakula, viza. Mnafika ku makumi ya maelfu ya dola. Parsele ya Kamina inauzwa bei gani? Ninyi mnajua kunipita.

Tuseme baba amepata makuta yote. Alichimba Kolwezi, akabahatika, akalipa. Mtoto anarudi na cheti na saa zake 200. Jamaa wanachinja mbuzi. Hapa ndipo ninaomba wazazi wasome polepole, kwa sababu hapa ndipo vijana wengi wanakwama. Kwa kuwa kapiteni wa ndege kubwa ya abiria, inaomba cheti cha juu kabisa: miaka 21 na saa 1500. Kwa sheria, mwenye saa 200 anaweza kukaa kiti cha kuume kama musaidizi. Lakini kompani nyingi, na zile za asuransi zinazozifuata nyuma, zinapenda mtu aliyekwisha kuruka sana. Tena kwa kila aina ya ndege kubwa kuna mafunzo yake, na kwa ndege kama Airbus A320 ao Boeing 737 hayo mafunzo peke yake ni maelfu mengi ya dola. Na saa zisipoendelea kuongezeka, mkono unasahau, vibali vinapita wakati wake, na kuvifanya upya ni makuta tena.

Basi parsele inalipa mpaka saa 200. Nani atalipa toka 200 kwenda mbele? Hilo ndilo swali la kuuliza usiku huu nyumbani, mbele ya mtoto mwenyewe, si nyuma yake. Kama kuna jibu, hata jibu dogo (mjomba aliye ng'ambo, kompani iliyoahidi kwa maandishi, kazi ya kufundisha wengine ili kupata saa), ni vizuri. Kama hakuna jibu, parsele ibaki.

Kuna wanaojibu kwa njia ingine, na njia hiyo nitaitaja bila kuzunguka. Wanaandika saa kwa biki. Kijana ameruka saa 200, kitabu kinasema 600. Wenyewe wanaziita "saa za kalamu". Kitabu kinadanganya mwenye kompani, lakini hakidanganyi upepo.

Mfikirie hewa ya hapa kwetu. Kamina iko zaidi ya mita 1000 juu ya bahari. Hewa ya juu ni nyepesi, na jua la mwezi wa kumi saa sita linaifanya nyepesi kupita. Injini inavuta hewa kidogo, bawa linashika hewa kidogo. Ndege ile ile, na mzigo ule ule, ambayo pale Muanda karibu na bahari inainuka haraka, hapa inakimbia mbali sana ku kiwanja kabla ya magurudumu kuacha udongo. Rubani wa kweli anafungua kitabu cha ndege, anapima joto, anapima mwinuko, anapima mzigo, kisha anasema: leo kilo hizi, hata moja zaidi hapana. Na pale mbele yake kuna nani? Kuna mfanyabiashara na mifuko ya samaki ya Lualaba, kuna mkubwa wa serikali na ndugu zake wawili wasiokuwa na tikiti, kuna mwenye kompani anayesema "jaza tu, jana tulijaza". Kijana wa saa za kalamu, anayeogopa kufukuzwa kazi, atasema ndiyo.

Tarehe 8 Januari 1996, Kinshasa, ndege Antonov 32 ilikimbia ku kiwanja cha Ndolo. Mzigo ulikuwa umepita kipimo. Haikuinuka. Ilipita mwisho wa kiwanja, ikaingia katika soko la Simbazikita, ambako mama zetu walikuwa wamepanga bidhaa zao. Watu zaidi ya mia mbili walikufa, na karibu wote walikuwa chini, hawakununua tikiti. Marubani hawakufa. Walihukumiwa kifungo. Wewe kijana unayeniandikia juu ya mshahara na kofia nzuri ya kapiteni, nakuomba ujue kwamba siku ile, neno moja tu "hapana" ku mwanzo wa kiwanja lingetosha. Kama leo nyumbani hauwezi kumuambia mkubwa wako "hapana" kwa heshima, anza kujifunza hapo. Hiyo haina bei.

Sasa, milango. Sipendi kumufungia mtoto njia bila kumuonyesha ingine.

Karibu nasi kuna shule zenye historia. Soroti, Uganda, chuo cha marubani kilifunguliwa mwaka 1971 na Jumuiya ya Afrika Mashariki ya zamani kwa ajili ya vijana wa Kenya, Uganda na Tanzania. Nairobi, ku kiwanja cha Wilson, kuna shule kadhaa za kuruka. Addis Ababa, Ethiopian Airlines ina chuo chake kikubwa, nacho kinapokea Waafrika wa inchi zingine. Na kompani hiyo ya Ethiopia imeshirikiana na serikali yetu katika Air Congo mpya, iliyoanza kuruka mwezi wa 12, mwaka 2024. Kijana afuatilie habari hizo kwa macho mawili.

Lakini mtaona: Soroti, Nairobi, Addis, zote wanafundisha kwa Kingereza. Na hata angesoma kwa Kifaransa, rubani anayevuka mipaka anapashwa kupita mtihani wa lugha ya redio, na kwa inchi nyingi lugha hiyo ni Kingereza. Kwa hiyo mtoto anayeshinda ku mangoro akitazama sinema za ndege, achukue kitabu cha Kingereza. Hiyo ndiyo saa yake ya kwanza ya kuruka, na haiombi parsele. Pamoja na hesabu na fizika, shi anajua mwenyewe.

Mlango wa pili ni fundi. Ndege moja inayoruka ina mafundi chini, na bila sahihi ya fundi hairuki. Kompani za migodi zinaleta wafanyakazi na vipande vya mashini kwa ndege, na ndege hizo zinaomba mikono. ISTA ya Kinshasa inafundisha mambo ya usafiri wa anga. Kuna pia kazi ya kuongoza ndege toka ku munara, katika RVA, shirika la serikali linaloangalia viwanja. Vijana wanadharau kazi hizi kwa sababu hazina kofia. Mimi ninaona kinyume: fundi anakula mshahara wake, anaijua ndege mpaka ndani ya mifupa, na akipata makuta anaweza kujilipia saa kidogo kidogo. Marubani wengi wa ndege za misioni ni mafundi vilevile, kwa sababu kijijini hakuna mtu mwingine wa kuitengeneza.

Kwa baba anayetaka kulipa hata hivyo: usitume makuta yote mara moja. Uliza shule ina kibali cha serikali gani, na uandikie wenye kutoa kibali. Uliza ndege ngapi zinaruka kweli, si ngapi ziko ku picha. Uliza kama bei ni ya saa ngapi, na mtoto akishindwa mtihani nani analipa saa za kurudilia. Uliza mamlaka ya anga ya kwetu, AAC ya Kinshasa, namna gani wanakubali cheti cha inchi ile. Na ujue vilevile kwamba toka mwaka 2006 Ulaya imekataza kompani za Kongo kuruka kwake. Anayekuahidi kwamba mtoto atafanya kazi hapa na kulala Brussels kila juma, umuulize kwa ndege gani.

Nimalize na barua ya msichana, kwa maana anauliza mambo mawili. La kwanza: mwanamke anaweza? Irene Koki Mutungi wa Kenya alikuwa mwanamke wa kwanza kuwa rubani wa Kenya Airways, akawa kapiteni mwaka 2004, na mwaka 2014 akawa mwanamke wa kwanza wa Afrika kuwa kapiteni wa ile Boeing 787 kubwa. Baba yake alikuwa rubani, ndiyo, lakini ndege haiulizi hiyo.

La pili: anavaa miwani. Dada, miwani haikatazi, kama ukiivaa unaona vizuri. Kinachokataza ni mambo mengine: kifafa, magonjwa ya moyo, masikio yasiyosikia. Na macho yasiyotofautisha nyekundu na kijani yanaweza kukuzuia, kwa sababu taa za ndege na za kiwanja ni za rangi. Kwa hiyo daktari awe wa kwanza, kabla ya shule na kabla ya makuta. Lakini si kila daktari. Atafutwe yule aliyekubaliwa kwa kupima marubani, na apime kwa kipimo cha marubani wa kazi, kinachoitwa daraja la 1. Umuambie pia kama ungali unameza kinini ya malaria, maana inalia ndani ya masikio, na mtu wa namna ile harushwi. Akikupa karatasi, tazama tarehe: kisha miezi 12 inapashwa kufanywa upya.