Soko la Jumla, Maisha ya Rejareja

Ukishuka Msimbazi saa kumi na mbili asubuhi utatuona sisi kabla hujaona duka lolote. Milango ya chuma bado imeshushwa, na kwenye vizingiti vyake tumekaa sisi: chupa za chai, mabeseni ya vitumbua, ndoo za mihogo, karanga kwenye vifuko vya nailoni tulivyoviziba kwa moto wa mshumaa. Tumeamka saa tisa usiku Chanika, Mbagala, Gongo la Mboto. Lakini ukituuliza kwetu ni wapi hatutaji hata mojawapo. Kwetu ni Kilwa, Newala, Utete, Handeni, Matombo. Gongo la Mboto tunalala tu.

Kariakoo ni soko la jumla, ndivyo mnavyosema, na ni kweli. Watu wanatoka Kongo, Zambia, Malawi na Komoro kuja kufungasha hapa. Sisi tunaoshinda hapa kutwa ndio tunaonunua kila kitu rejareja. Maji kwa dumu. Mkaa kwa fungu. Mahali pa kukaa kwa siku. Choo kwa safari. Na rejareja, hata mtoto anayetumwa mafuta ya kupimiwa anajua, ndiyo ghali.

Tuanze na choo, maana hatujawahi kwenda semina iliyoanza na choo. Mwanamume akibanwa ana ukuta wake, tena chini ya maandishi yanayosema usikojoe hapa, faini elfu hamsini. Sisi tunalipa kila tunapoingia. Mwenye mimba analipa mara tano, sita kwa siku, na kila safari anamwachia jirani beseni, jirani naye ana wateja wake. Kwa hiyo tumejifunza kutokunywa maji mpaka jioni. Tunauza maji ya baridi kwenye jua la saa saba huku midomo imetukauka. Siku za mwezi tusizizungumze, kina baba wanasoma.

Mahali pa kukaa napo pana hadithi yake. Kizingiti ni cha mwenye duka, ukimpa chochote anakuachia mpaka saa tatu atakapofungua. Akifungua unahamia pembeni ya mtaro. Hapo anakuja wa usafi, anakuja wa ulinzi, anakuja kijana ambaye hatujui ni wa nani ila anajua majina yetu yote. Risiti ukiomba unaambiwa, "Mama, na wewe unataka risiti ya nini?" Halafu mgambo wakitokea, wote hao waliokula hela ya asubuhi hawakujui. Beseni linapanda gari. Sufuria ya mchuzi inamwagwa. Kulikomboa beseni ni ghali kuliko kununua jingine, basi tunanunua jingine.

Mwenzetu mmoja anayeuza ubuyu, mkubwa kuliko sote hapa, hucheka tukilalamikia mgambo. Anasema hatukuyaona ya mwaka 1983, ile operesheni ya Nguvu Kazi, watu walipokuwa wanazolewa mitaani kwa jina la wazururaji na kupelekwa vijijini wakalime. Mama yake alizolewa akiwa na sinia la maandazi kichwani. "Mzururaji gani anatembea na maandazi ya moto?" huuliza bibi huyo, miaka arobaini na kitu sasa, na hakuna aliyemjibu.

Desemba 2018 hayati Rais Magufuli alitoa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo, shilingi 20,000 kimoja, kwa wenye mauzo yasiyozidi milioni 4 kwa mwaka. Tusiseme uongo, tulivifurahia. Ulikivaa shingoni kama daktari, na mtu alifikiri mara mbili kabla ya kukugusa. Lakini kadi ilisema ufanye biashara, haikusema ukae wapi. Oktoba 2021 tukaambiwa tupishe barabara na hifadhi zake, twende maeneo tuliyopangiwa. Barabara kweli ilikuwa haipitiki, hilo nalo tunakubali. Ila mteja wa chai ni mpagazi, na mpagazi yuko palipo na mzigo. Utampangiaje muuza chai pa kukaa bila kumuuliza mpagazi? Walioenda walikaa na chupa zao wiki mbili, wakarudi usiku usiku, mmoja mmoja, kama kuku waliohamishwa banda.

Hela nayo tunainunua. Mfano wa kila siku: unaambiwa umekopa laki moja, unakabidhiwa elfu tisini, kumi imeenda na "fomu". Unarejesha elfu nne kila jioni kwa siku thelathini. Piga hesabu. Hiyo ndiyo kausha damu, na jina hatukulitunga kwa utani. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya programu 69 za mikopo ya simu zinazofanya kazi bila leseni. Vizuri. Lakini mkopeshaji wetu haji kwa programu, anakuja kwa miguu, na daftari kwapani, na anajua unapopandia daladala. Usipokuwa na rejesho anakaa. Hatukani, hapigi, anakaa tu kwenye kigoda chako mbele ya wateja, mpaka wenzako wakuchangie apate kuondoka.

Mtasema kuna mikopo ya halmashauri isiyo na riba, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani, na humo wanawake wana asilimia 4. Ipo. Ilisimamishwa Aprili 2023 baada ya fedha kupotelea kwenye vikundi hewa, ikarudi 2024. Sasa ili uipate uwe na kikundi chenye katiba, muhtasari, akaunti ya benki na barua ya serikali ya mtaa. Mwenyekiti wa mtaa anakuuliza, mama, wewe ni wa hapa? Unafanya nini hapo? Mwezi wa kumi na moja ulikuwa kijijini unapanda, mwezi wa tano ulikuwa kijijini unavuna. Na huko kijijini nako mwenyekiti anauliza swali hilo hilo: mama, wewe si uko Dar siku hizi? Vikundi hewa vilipata, sisi wenye miili tukakosa.

Kwa hiyo tunacheza upatu. Kila mtu elfu mbili kwa siku, kijumbe anakusanya. Siku yako ikifika unakuwa tajiri kwa saa moja hivi.

Kuna la gesi, tulipitie haraka. Mei 2024 nchi ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, lengo asilimia 80 ya Watanzania waitumie ifikapo 2034. Mapafu yetu yanaunga mkono, hayakuombwa hata maoni. Lakini mtungi ukiisha unajazwa wote kwa mkupuo, na mkaa unapimiwa wa leo. Mwenye hela ya leo atapikia nini?

Jambo linalotuuma zaidi liko huko tulikotoka. Mnadhani tumekuja mjini kwa kukimbia jembe. Wengi wetu tunalima mpaka leo. Karanga hizi, mihogo hii, ufuta wa kashata hizi, tumeupanda sisi, au dada zetu. Msimu wa mavuno dalali anafika kijijini na magunia yake, na gunia lake halina mdomo: likijaa linaongezwa kilemba juu, linashonewa kamba, mzigo wa gunia moja na nusu unaitwa gunia moja. Lumbesa. Sheria ya vipimo inaikataza, viongozi wameikemea kwenye mikutano miaka nenda miaka rudi, na kila mwaka inapakiwa kwenye fuso mchana kweupe. Ukikataa, dalali anakwenda nyumba ya pili, kule ada ya shule inadaiwa.

Kisha tunapanda basi, tunakuja Kariakoo kununua karanga za kukaanga. Hapa gunia limeshafunguliwa, linapimwa kwa kisado, na kisado cha huku kitako kimebonyezwa kwa ndani. Ukitazama vizuri, zile karanga nyekundu ndogo ndogo unazijua, udongo wake unaujua. Umeziuza kwa kilemba, unazinunua kwa kitako kilichobonyea. Wakala wa Vipimo akija kukagua mizani ya maduka makubwa tunamwona akipita, na sisi tunatamani kumwita, ila tumekaa pasiporuhusiwa.

Na shamba lenyewe ni la nani? Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inasema mwanamke ana haki sawa na mwanamume ya kupata na kumiliki ardhi. Tuliambiwa semina moja, tukapiga makofi, tukapewa nauli na kufundishwa kutengeneza sabuni ya maji. (Kila semina ni sabuni ya maji. Nani bado hana sabuni ya maji katika mji huu?) Lakini sheria za mila zilizoandikwa serikalini mwaka 1963 zinasema mjane hana fungu lake iwapo mume ameacha ndugu wa ukoo, atatunzwa na watoto wake. Watoto wenyewe ndio hawa tuliowabeba mgongoni. Mwenzetu wa Matombo hutuzomea hapo, maana kwa Waluguru ardhi hufuata upande wa mama. "Mngezaliwa kwetu," husema. Tunamuuliza, sasa wewe mwenye ardhi ya mama yako unafanya nini hapa na beseni? Anasema wajomba wameiuza.

Na uzazi? Mfanyakazi wa ofisini akijifungua, sheria ya ajira ya 2004 inampa siku 84 za likizo yenye malipo, 100 akipata mapacha. Hatumwonei kijicho, tunawauzia chai akina dada hao hao. Sisi mwenzetu alijifungua Jumatatu, Jumamosi ya wiki ya pili alikuwa kizingitini, mtoto kwenye boksi la kandambili.

Mei 2023 wenye maduka waligoma. Walikuwa na hoja zao za kodi na stoo, na Waziri Mkuu wa wakati huo, Majaliwa, alikuja mwenyewe Mnazi Mmoja kuwasikiliza, mkutano mkubwa, vipaza sauti. Tukafurahi kwamba mtu amesikilizwa. Lakini Kariakoo ikifungwa wapagazi hawaji, na vitumbua havingoji hadi kesho. Tulikula vitumbua vyetu wenyewe siku hizo, asubuhi, mchana na usiku. Wakati wa mkutano tulikuwa ng'ambo ya barabara, tukiuza maji. Barabara hiyo inaitwa Bibi Titi Mohamed, aliyeingiza maelfu ya wanawake wa mji huu TANU kuanzia 1955, wauza vitumbua, wapika pombe na waimba ngoma. Jina lake limewekwa kwenye kibao kirefu, na chini ya kibao hicho hairuhusiwi kupanga bidhaa.

Jana jioni meseji ilimfikia mwenzetu wa Utete. Mvua zimeanza, mama anaomba elfu thelathini ya trekta, kesho zamu itapita kwa mwingine. Alihesabu sarafu, tukamwongezea. Ikabidi amwombe mwenye duka amtunzie kizingiti mpaka atakaporudi, wiki tatu tu. Mwenye duka si mtu mbaya, alifikiri kidogo huku akishusha mlango.

"Haya, mama. Nilipe ya wiki tatu, basi."

"Bosi, mimi nalipa ya siku kwa siku."

"Basi tutaona siku ukirudi," akasema, akafunga kufuli. "Ya leo umenipa?"