Bega la bibi: picha ya kipimo haisemi yote

MAVUNO ya mahindi yakiisha, nyumba nyingi hapa Msamala huwa na mama au bibi anayelalamika bega. Kujitwisha ndoo kumemshinda, na usiku hawezi kulalia upande ule.

Bega hushikiliwa na misuli minne. Kano zake hulika umri unavyosonga, na zinaweza kuchanika hata bila kuanguka. Picha ikionyesha kano imechanika, familia hushtuka na kuanza kuhesabu magunia ya kuuza ili apelekwe Dar es Salaam kupasuliwa.

Msiuze kwanza. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2014, kwa wagonjwa 393 ambao kano zao zilichanika bila ajali, ulionyesha kuwa ukubwa wa mchaniko hauendani na ukali wa maumivu. Mwenye mchaniko mdogo anaweza kukosa usingizi, mwenye mkubwa akaendelea kulima. Wengi wa wagonjwa wa aina hii hupata nafuu kwa mazoezi ya fiziotherapia ya wiki 6 hadi 12.

Ila maumivu kupungua pia si kupona. Muulizeni bibi: mkono unafika kisogoni? Anaweza kuinua sufuria? Nguvu zikizidi kupungua, arudi kwa daktari. Na kama ameanguka na mkono ukagoma kuinuka, mpelekeni hospitali ya rufaa ya mkoa mara moja.

Mkifika, mwelezeni daktari kazi zilizomshinda. Hizo hazionekani kwenye picha.