Tumbo kufunga: Bunia haihitaji mashine ya umeme kwanza

Kukosa choo siku nne ao tano ni jambo ambalo wakaaji wa Bunia hawapendi kusema, hata mbele ya muganga. Ndiyo maana mtu anajitibu mwenyewe: lavema ya majani, wengine wanatia hata pilipili, kisha vidonge vya barabarani. Na tumbo likiuma muda mrefu, jina ni moja tu: amiba. Mtu anameza metronidazoli mara ya tatu, ya nne, bila choo chake kupimwa hata siku moja.

Sasa kunazungumzwa matibabu ya umeme. Si uongo. Ulaya na Marekani, waganga wanaweka waya mwembamba karibu na mishipa ya fahamu chini kabisa ya mgongo, na betri ndogo chini ya ngozi ya tako. Tangu 2011 Marekani inaruhusu kifaa hicho kwa watu wasioweza kuzuia choo. Kwa waliofunga choo, habari ni nyingine: uchunguzi wa Ufaransa uliotangazwa 2017 haukuonyesha kwamba kifaa kilichowashwa kinasaidia kuliko kilichozimwa. Kwa utumbo unaouma bila kidonda, leo kuharisha, kesho kufunga, Marekani iliruhusu 2019 kifaa cha kubandika sikioni, kwa vijana wa miaka 11 hadi 18, kupunguza maumivu tu.

Kwa hiyo mtu akikuonyesha sokoni mashine ya kufungua tumbo kwa kuran, funga mfuko wako. (Wengi wetu hatuna hata kuran ya taa.)

Mambo ya karibu ndiyo yanatusumbua. Mama aliyekimbia vita, anayelala kambini, anaogopa kwenda choo usiku. Anajizuia, anapunguza hata maji ya kunywa. Akifanya hivyo kila siku, choo kinakuwa kigumu. Hofu yenyewe pia inavuruga utumbo, maana utumbo na ubongo vinaongea kila saa. Huyo utamwekea waya gani?

Wakubwa wa afya wa Ituri waanzie hapo: vyoo vya kambi viwe na mwanga na komeo, vituo vya afya vipime choo kabla ya kuandika amiba, na dawa rahisi ya kulainisha choo isikosekane. Na mwenye kuona damu chooni, kukonda bila sababu, ao tumbo kuvimba pamoja na kutapika, asijaribu lavema. Aende hospitali siku hiyo hiyo.