MTU ANAJULIKANA NA WATU KABLA YA KARTE

Wandugu wa Misisi, wa Lulimba, wa Baraka na wa Fizi,

Tunaiuliza serikali neno moja: mtu asiye na karte si mtu?

Wakati wa Wabelgiji tulitembea na buku. Polisi alikuuliza buku kabla ya kukuuliza jina. Buku lile lilikuwa la kutuhesabu kama mali ya bwana. Uhuru ukaja 1960. Leo tumeshika nini mkononi? Hesabu ya mwisho ya wananchi ilifanyika 1984. Tangu 2005 karte ya uchaguzi ndiyo inafanya kazi ya kitambulisho. Ofisi ya kutambulisha wananchi, ONIP, iliundwa 2011. Juni 2023 Rais Tshisekedi alipokea karte ya kwanza ya uraia, watu wakapiga makofi. Mwaka 2024 mkataba wa kazi ile ukavunjwa. Basi karatasi yetu ni ile wanayotupa wakitaka kura. Kura ikiisha, shida yako.

Na karte hiyo inaungua pamoja na nyumba. Watu wetu walikimbia vita ya 1996 na ya 1998, wakavuka ziwa mpaka Nyarugusu na Lugufu. Tangu 2005 meli zikawarudisha Baraka, wengi wao wakishika karatasi ya ukimbizi tu. Huyo akitaka kuuza kiwanja cha marehemu baba yake, ao kumpa mdogo wake uwezo wa kusimama mahali pake, anakwenda kwa noteri. Anaambiwa: lete karte. Mama mjane anarudi nyumbani analia. Lakini mwenye matabishi, ajabu! karte inasahauliwa palepale.

Na mchimbaji je? Karte ya uchimbaji inadumu mwaka mmoja, nayo hupewa Mkongomani mtu mzima. Ataonyesha nini kwamba ni Mkongomani? Akishindwa, sehemu yake ya shimo inaandikwa kwa jina la mwingine. Siku dhahabu inatoka, jina lile ndilo linakula.

Wanasema bila karte hakuna njia. Si kweli. Sheria ya manoteri ya Ufaransa ya 1803, ambayo Ubelgiji pia iliifuata, ilisema wazi: noteri asipomjua mtu, raia wawili anaowajua yeye watamshuhudia, na jambo hilo liandikwe ndani ya akte. Wazungu wenyewe walitambuana hivyo! Hata Kodi yetu ya Familia ya 1987 inakubali akte ya notoriete, inayosimama juu ya neno la mashahidi, kwa anayetaka kuoa naye hana cheti cha kuzaliwa. Ngambo ya ziwa, Kigoma, mtu huenda na barua ya serikali ya kijiji ao ya mtaa.

Njia yenyewe si ngumu. Mashahidi wawili wanaomjua mtu tangu zamani, wasiokula kitu katika mapatano yale. Noteri awaulize mmoja mmoja, mbali na mwenzake: mama yake nani, alizaliwa wapi, alikimbilia wapi, alirudi lini. Majibu yakipatana, aandike majina yao. Asome akte kwa lugha anayosikia mwenyewe, kisha kidole kiwekwe mbele ya macho yake, si nyumbani, si kesho.

Tunajua kuna mashahidi wa mlangoni, wanaoapa kwa chupa moja ya pombe. Hao wameuzisha viwanja vya wajane, na tunataka wafungwe. Lakini shahidi asikataliwe kwa sababu ya kabila. Mbembe, Mfuliru, Mbuyu, Mnyamulenge: neno lake lipimwe kwa anachojua, si kwa pua yake.

Tunadai bei ya kazi ya noteri ibandikwe mlangoni, kwa Kiswahili. Tunadai anayekatalia mtu aandike sababu na kutia sahihi.

Nanyi mliofukuzwa, andikeni tarehe, ofisi, na feza mliyoombwa. Mtuletee.