Saa yangu ni ya Mrusi, lakini Urusi siendi

Nianze na swali ninaloulizwa kila wiki: "Buda, hiyo saa ni ngapi na uliitoa wapi?" Ni elfu tatu na mia tano, na niliitoa kwa fundi wa saa mmoja wa River Road, yule huwa na meza ya kioo saizi ya sinia na kilensi amekibana jichoni mchana kutwa. Haina betri. Haihesabu hatua zako. Haitetemeki ukipigiwa simu. Kila asubuhi kabla sijagusa simu naijaza kwa vidole, mizunguko kama ishirini hivi, halafu inatembea siku nzima na usiku wake. Nikisahau inasimama, na hiyo ni juu yangu.

Ni Vostok Amphibia ya enzi za Umoja wa Kisovieti. Siku ya kwanza kuiona nilidhani ni kitu cha kampuni ya dawa, maana usoni imeandikwa Восток, na mimi na masomo yangu nusu ya kampasi nikasoma "Boctok". Fundi alicheka hadi kilensi kikaanguka. Kumbe kwa Kirusi hiyo B ni V na hiyo C ni S, na maana yake ni mashariki. Chini kabisa, kwa herufi ndogo kama mchanga, imeandikwa kwamba imetengenezwa USSR, nchi iliyovunjika 1991, kabla mimi sijazaliwa.

Fundi aliniambia mwenyewe alikuwa mzee fulani aliyesoma Moscow, akaileta iwekwe kioo kipya, hakurudi tena. Inawezekana. Miaka ile ya uhuru Jaramogi Oginga Odinga alikuwa anawatafutia vijana nafasi za masomo upande ule wa mashariki, na kuna Wakenya waliopitia chuo cha Lumumba kule Moscow. Inawezekana pia fundi aliongeza chumvi. Stori nzuri hupandisha bei kwa mia tano, kila mtu wa biashara anajua.

Sasa wacha niseme kitu kitakachowaudhi. Nairobi hii kila msee wa pili ako na Rolex, na sisi wote tunajua hiyo Rolex imetoka kwa kijana anayetembea na boksi Moi Avenue. Rolex ya bei hiyo ninayoikubali ni ya Uganda, ile ya mayai na chapati. Mimi sina shida na kitu cha bei rahisi. Shida yangu ni kitu cha bei rahisi kinachojifanya. Ukivaa Rolex bandia, kila mara mtu akiitazama unavuta mkono wa shati. Unalipa elfu mbili ili uishi na wasiwasi. Vostok haijawahi kujifanya kitu kingine. Ni saa ya watu wa kawaida, na akili iliyotumika kuiunda ni ya kiwango kingine kabisa.

Hapa ndipo huwa naongea hadi watu wanahama meza, lakini vumilieni. Miaka ya sitini Wasovieti walitaka saa ya wapiga mbizi, ifike mita 200 chini ya maji. Njia iliyojulikana ilitaka vyuma vikatwe kwa usahihi mkubwa sana, na hiyo ni doo. Wahandisi wa kiwanda cha Chistopol wakaligeuza swali. Badala ya kupigana na maji, wakayapa maji kazi. Kioo cha Amphibia si kioo, ni plastiki nene ya akriliki. Ukizama, maji yanaisukuma, inajipanua kwenye kingo na kubana zaidi. Yaani kadiri unavyoenda chini ndivyo inavyojifunga. Mfuniko wa nyuma hausokotwi mahali pake. Unakaa tu juu ya raba nene, halafu pete ya kuzungusha kama kifuniko cha chupa inakuja kuukandamiza, kwa hivyo raba haijikunji. Hata kile kitufe cha pembeni cha kujazia, ukikifungua kinachezacheza kama jino la mtoto wa darasa la kwanza. Watu huniambia saa imeharibika. Haijaharibika, imeundwa hivyo, ndio ukikigonga mahali usikipinde kile kijiti cha ndani.

Saa ilitoka 1967 na mpaka leo muundo ni ule ule. Mimi nikiangalia hiyo kitu naona Kamukunji. Naona wale mafundi wa jua kali wanaokosa mashine ya milioni kumi na bado jiko linatoka, sufuria inatoka, na inafanya kazi. Kioo kikikwaruzika nasugua na dawa ya meno, dakika tano, kinarudi kama kipya. Hebu jaribu hiyo na skrini ya ile saa yako ya kuchaji.

Ndiyo, inakimbia. Yangu inaenda mbele karibu sekunde arobaini kila siku. Kiwanda chenyewe, kwa saa zake za automatiki, kinakubali zikimbie hadi sekunde 60 au zichelewe hadi 20 kwa siku, na hakioni aibu. Ukitaka usahihi, simu iko mfukoni. Na tuwe wakweli, sisi wenyewe tunaambiana "niko hapa tu kwa stage" na bado tunaoga.

Kuna kitu kimoja nilijigundulia na sijaona mtu mwingine akikifanya. Amphibia ina pete ya nje inayozunguka pande zote mbili, ya mpiga mbizi kuhesabia dakika alizokaa majini. Mimi mbizi yangu ni ya kwenye mafuriko ya South B. Kwa hivyo niliigeuza ile alama kubwa ikakaa chini, palipo na sita. Sasa mkono wa saa ukifika kwenye saba, ukihesabu kutoka kwenye alama unapata moja. Saa moja. Ukifika kumi na mbili unapata sita. Saa ya Mrusi inasoma Kiswahili. Tangu utotoni tunaangalia saba na mdomo unasema moja, tunafanya hiyo hesabu hadi hatuisikii tena, na hapa nimepata kitu cha kunifanyia kwa kuzungusha kidole. Nilipoweka hiyo video watu walishinda wakiitazama wiki nzima. Ndiyo video iliyonifanya nikaanza kuitwa "msee wa Urusi".

Na hilo jina ndilo lililoniletea mambo.

Baada ya ile ya kwanza nilinunua nyingine nne, zote kuukuu. Moja ilikuwa Komandirskie, hiyo ni saa ya makamanda. Ni Vostok pia, na zile za zamani zinazotafutwa zina maandishi ya kusema zimeagizwa na wizara ya ulinzi ya Kisovieti. Yangu ina kifaru kimechorwa usoni na nyota nyekundu. Manze, ni nzuri. Niliirekodia video na muziki mzito, nimekunja uso kama jenerali. Mmoja akaandika chini yake kwamba ninatangazia watu wanaoua watu Ukraine. Nikamjibu kwa jeuri, nikamwambia hii ni saa tu, bro, tulia.

Siku chache baadaye, hiyo ilikuwa mwezi wa nane 2025, jamaa tuliyesoma naye sekondari akanitumia ujumbe. Kuna mtu alikuwa amempatia kazi ya ulinzi Urusi. Tiketi imelipwa, viza imelipwa, mshahara laki mbili na ushee kwa mwezi, kinachotakiwa ni pasipoti tu. Akaniuliza: "Wewe ndio msee wa Urusi, hii kitu ni ya ukweli?"

Mnajua nilimjibu nini? "Haha enda uniletee saa."

Nilikuwa kwa matatu, nikaweka simu mfukoni, nikasahau.

Mwezi wa tisa habari zikatoka kwamba wapelelezi wamewaokoa vijana zaidi ya ishirini kutoka kwenye nyumba za kupanga Athi River, wakisubiri kusafirishwa Urusi. Wakati ule ule kukawa na stori ya Mkenya aliyetekwa na jeshi la Ukraine huko vitani, akasema alitia sahihi karatasi za Kirusi bila kujua ni za jeshi. Hapo ndipo tumbo lilinikata. Mimi nilishindwa kusoma Восток nikacheka na fundi, nikaenda nyumbani na saa. Kuna mtu alishindwa kusoma herufi hizo hizo akapewa bunduki.

Nilimpigia yule jamaa. Mteja hapatikani. Kesho yake hivyo hivyo. Siku ya tatu akashika, ako kwao Rongai, simu ilikuwa imezimika charji. Hakuwa ameenda. Pasipoti ilikuwa haijatoka, na yule ajenti alikuwa ameacha kushika simu. Kwa hivyo msiseme nilimwokoa. Foleni ilimwokoa. Mimi nilimwambia aniletee saa.

Halafu kuna hii, ambayo bado inanisumbua. Chistopol, kiwanda cha saa yangu kilipo, ni mji ulio kando ya mto Kama, kwenye jamhuri ya Tatarstan. Kiwanda kilihamishiwa huko kutoka Moscow mwaka 1941, Wajerumani walipokuwa wanakaribia, mashine zikasombwa na watu wake. Hiyo ni stori ninayopenda kuisimulia. Lakini kando ya mto huo huo, ndani ya Tatarstan hiyo hiyo, kuko Alabuga. Mwaka 2024 shirika la habari la AP lilichapisha jinsi wasichana wa miaka 18 hadi 22 kutoka Afrika, wakiwemo wa Uganda na hapa Kenya, walivyoahidiwa kazi na masomo huko, wengine wakadhani wanaenda kufanya kazi za hoteli, wakafika wakakuta ni kuunganisha droni za vita. Rika langu. Mashariki ile ile iliyoandikwa kwenye mkono wangu.

Basi je, nizitupe? Kuna wafuasi wananiambia nizitupe, na kuna wengine wananiambia niache siasa nirudi kwa saa. Wote sikubaliani nao. Saa iliyotengenezwa 1985 na kununuliwa River Road haimpatii mtu wa Kremlin hata shilingi. Pesa yangu ilienda kwa fundi, na fundi ako na watoto shule. Hata ukiagiza mitandaoni, wauzaji wa saa za Kisovieti walioko Ukraine wenyewe ni wengi, na saa zingine za Kisovieti hata si za Urusi. Luch, kwa mfano, ni ya Minsk, Belarus. Kuwapa Warusi peke yao kila kitu kilichotoka USSR ni kuwaongezea.

Lakini mpya sinunui. Hiyo nimeamua na sitaki mjadala, kiwanda kiko kule na kodi inalipwa kule. Isitoshe tangu Machi 2022 Visa, Mastercard na PayPal zilisimamisha huduma Urusi, kwa hivyo hata ukitaka, kulipa moja kwa moja ni kizungumkuti. Na ile ya kifaru iko kwa droo. Sijaiuza, sijui nitaifanyia nini. Ninachojua ni kwamba ile video niliivalia kama mtu anayetangaza kazi ya jeshi, na mtu mwenye njaa aliisoma hivyo. Nimeifuta. Mlioniuliza imeenda wapi, ndiyo hiyo sababu.

Kwa sababu tusidanganyane, hao maajenti hawatafuti watu wajinga. Wanatafuta watu kama sisi. Mimi niliacha kampasi mwaka wa pili karo ilipokwama, najua vile laki mbili inasikika saa tano usiku ukiwa na deni la Fuliza. Ningekuwa nimeletewa mimi hiyo ofa, kabla hizi video hazijaanza kuniletea chochote, sijui ningesema nini. Ukitumiwa kitu kama hicho leo, nitumie. Safari hii najibu, na kama mkataba ni wa Kirusi tutautafsiri neno kwa neno kabla hujatoa hata kopi ya kitambulisho.

Wanaotaka saa, msikimbilie bei za wale mabroka wa mitandaoni, tangu hizi video bei imeanza kuchekesha. Tembea kwa mafundi, uliza saa ya kujaza kwa mkono, isikilize sikioni. Ikiwa inatembea vizuri utasikia kama mvua ndogo kwa mabati, mapigo matano na nusu kwa sekunde. Muulize fundi aifungue uone ndani kama kuna kutu. Akikataa kuifungua, wacha.

Yule jamaa alikuja keja yangu wiki iliyopita. Sasa anafanya kazi kwa duka la vifaa vya ujenzi, pesa ni kidogo, analalamika. Aliichukua Amphibia mezani, akaigeuza, akacheza na kile kitufe kinacholegea, akaniuliza hii nayo imetoka wapi. Nikamwambia River Road.