Wageni wakiondoka, mgonjwa ni wa nani?
Barua ya wazi kwa Tume ya Kikristo ya Huduma za Jamii

Ndugu Mkurugenzi Mtendaji,

Tumsifu Yesu Kristo. Na kwa kuwa Tume yenu ni ya Wakatoliki na Waprotestanti kwa pamoja tangu ilipoundwa mwaka 1992, naongeza: Bwana Yesu asifiwe.

Mimi ni muuguzi katika hospitali ya kanisa, Nyanda za Juu Kusini. Kila mwaka kati ya Juni na Agosti, vyuo vya Ulaya na Marekani vikiwa vimefungwa, tunapokea vikundi vya madaktari, wauguzi na wanafunzi wanaokuja kujitolea wiki mbili au tatu kwa jina la Bwana. Nauli wanajilipia wenyewe au wanachangiwa na washarika wa kwao, na wengi ni mafundi hasa wa kazi yao. Siandiki ili niwaseme. Naandika kuhusu kinachotokea wakishapanda gari kurudi uwanja wa ndege.

Yapo matatizo yanayomalizwa kwa mara moja. Mzee akitolewa mtoto wa jicho, kesho yake anamtambua mjukuu wake. Mdomo sungura ukishonwa vizuri, umeshonwa. Hata mabusha, mradi abaki mtu wa kusafisha kidonda na kukitazama kisije kuoza. Kwa kazi kama hizo daktari bingwa wa wiki mbili ni neema, na sitaki kanuni yoyote imzuie. Lakini presha haimalizwi kwa wiki mbili, wala kisukari, wala kifafa. Na kambi za matibabu ya bure zinazofunguliwa na vikundi hivi ndizo zinazowavuta hasa wagonjwa wa namna hiyo: wanapimwa kwenye turubai nje ya kanisa, wanapewa dawa za mwezi mmoja, wanaombewa, wanarudi nyumbani. Mwezi wa pili je?

Niliwahi kumpokea bibi aliyevimba miguu, presha imeshuka hadi hawezi kusimama. Kwenye pindo la kanga alikuwa amefunga dawa za aina mbili. Moja ilikuwa amlodipine, dawa ya kushusha presha, kutoka kliniki yetu. Ya pili alipewa kambini, ina jina la kiwandani tusilolijua hapa. Tulipogeuza karatasi na kusoma maandishi madogo, nayo ilikuwa amlodipine. Daktari wa kambi hakukosea dozi. Sisi nasi hatukukosea. Ila yeye hakujua kwamba bibi ana faili kwetu, na sisi hatukujua kwamba bibi amepita kambini, kwa sababu hakuandikiwa hata kipande cha karatasi. Bibi, kwa utii wake, alimeza zote mbili.

Liko pia jambo ambalo viongozi wetu hawapendi tuliseme. Kambi za bure zinawafundisha watu kusubiri. Mgonjwa wa ngiri anakuja Februari, anaelezwa gharama ya upasuaji, anajibu, "Basi nitawangoja wazungu." Daktari wetu anayeifanya operesheni hiyo wiki hadi wiki anabaki na mikono mitupu, na hospitali inayojiendesha kwa michango ya wagonjwa inakosa fedha ya kununua nyuzi za kushonea. Wapo wanaosubiri hadi ngiri inajinyonga, nao wanafika usiku wa manane katika mwezi ambao mgeni hayupo. Uchungu wa daktari huyo nauona kila msimu, maana akimweleza mgonjwa kwamba mgeni atafanya kilekile, anaonekana ana wivu.

Na wanafunzi wao? Mimi nikienda Minnesota, Marekani, na leseni yangu ya Tanzania, sitaruhusiwa kumgusa mgonjwa kabla ya mitihani na usajili wa kule, na ni haki yao. Hapa nimemwona kijana ambaye hajamaliza hata mwaka wa kwanza wa udaktari akipewa sindano ashone kidonda, kwa kuwa tu ni mgeni na amekuja na moyo mwema. Sheria yetu ya mwaka 2017 inamtaka daktari kutoka nje asajiliwe kwa muda na Baraza la Madaktari Tanganyika. Moyo mwema haukutajwa humo.

Zamani mmishonari daktari alikuja kukaa. Dk. Leader Stirling alifika upande wa Masasi mwaka 1935, akawa raia, akawa mbunge, na mwaka 1975 akateuliwa kuwa Waziri wa Afya. Mgonjwa wake alijua pa kumpata. Ndege imebadilisha mambo, na sidhani itawezekana kurudi kule. Nchini Kenya, hospitali za Kijabe na Tenwek zimetafuta njia nyingine: kupitia Pan-African Academy of Christian Surgeons, wageni wengi wanakuja kufundisha madaktari wa Kiafrika upasuaji, na aliyefundishwa anabaki na wagonjwa wake.

Ndugu Mkurugenzi, hospitali za madhehebu yote zinawasikiliza ninyi kuliko zinavyotusikiliza sisi wa wodini. Naomba mtoe mwongozo mmoja utakaozibana zote. Mwaliko utolewe na hospitali yenyewe, baada ya mganga mfawidhi kuandika anahitaji utaalamu gani, badala ya kupangwa kati ya askofu na marafiki zake wa ng'ambo kisha sisi tukaletewa tarehe. Dawa ziwe zile zilizomo katika mwongozo wa matibabu wa taifa, zenye maisha ya angalau mwaka mmoja zinapofika, kama Shirika la Afya Duniani linavyoelekeza. Na kila mgonjwa atakayeonwa na mgeni aandikwe kwenye faili letu, kwa lugha inayosomeka, pamoja na jina la mtumishi wa hapa atakayeendelea naye. Jina hilo likikosekana, mgeni asimwanzishie dawa ya kudumu.

Fomu ya ukurasa mmoja inatosha. Vikundi vya mwakani huanza kukata tiketi mapema, hivyo ingefaa iwafikie waganga wafawidhi kabla ya Krismasi.

Wako katika huduma,
Muuguzi, Nyanda za Juu Kusini