Si Kila Ukucha Mbovu Una Kuvu

Ukucha ukiharibika, wengi hudhani ni kuvu, na mgonjwa hutumia dawa miezi mingi bila nafuu. Dhana hiyo haifai kukubaliwa pasipo ushahidi. Soriasisi, ugonjwa wa ngozi kuvimba na kutoa magamba, hauambukizi. Kumtenga mwanafunzi kwa ajili yake ni ujinga. Huvuruga seli katika shina la ukucha, nazo zisizokomaa vema hubanduka zikifika juu, zikaacha vishimo kama vya ncha ya sindano. Ukucha wa mkono hukua takriban milimita 3 kwa mwezi: kishimo kilichosogea milimita 6 kina umri wa miezi miwili. Kwanza kipande cha ukucha kichunguzwe kwa hadubini. Na mwenye vishimo akiamka na viungo vilivyokakamaa, amwone daktari upesi, kwani maradhi hayo huweza kuharibu viungo.